Utupa: Mmea Unaorutubisha Shamba na Kuua Bwawa

Bei ya viuadudu inapopanda na mbaazi zinapoanza kutoa maua katika mashamba ya Nachingwea, Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ujumbe wa aina moja husambaa kwenye simu za wakulima: chuma majani ya utupa, twanga, loweka, nyunyiza, kwa kuwa dawa ya asili haina madhara. Katika miezi hiyo hiyo ya kiangazi, vijiji vilivyo kando ya Ruvuma, Lukuledi na Mbwemkuru huutaja mmea huo huo kwa lawama, kwamba ndio unaomaliza samaki katika mabwawa yanayobaki maji ya mto yanapopungua. Kisha hutokea bwana shamba akaeleza kwamba utupa hurutubisha udongo, na mkulima aliyezisikia habari zote tatu hubaki akijiuliza kama ameelezwa juu ya mmea mmoja au mitatu.

Ni mmea mmoja, na karibu yote yanayosemwa juu yake yana ukweli ndani yake. Kosa liko katika kudhani kwamba sifa moja hufuta nyingine, yaani kinachorutubisha udongo hakiwezi kuua, au kinachoua samaki hakina nafasi shambani. Utupa hubeba kemikali zile zile popote ulipo. Kinachobadilika ni mahali kemikali hizo zinapotua na mwili wa kiumbe anayezipokea. Mtu akilielewa jambo hilo moja, habari zote zinazoonekana kupingana hupata mahali pake.

Kichaka chenyewe

Utupa, ambao wengine huuita mtupa, ni kichaka cha jamii ya mikunde, ukoo mmoja na kunde, mbaazi, choroko, karanga na njugumawe. Wataalamu wa mimea huuita Tephrosia vogelii, jina ulilopewa na Mwingereza Joseph Dalton Hooker mwaka 1849 kwa kumkumbuka Theodor Vogel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1841 baada ya kushiriki msafara wa kuchunguza Mto Niger. Asili yake ni Afrika ya kitropiki, kwa hiyo hapa Kusini si mgeni aliyeletwa na meli. Hukua kufikia urefu wa mita 1 hadi 4 na huishi miaka michache tu. Majani yake yamepangwa jozi kwa jozi kwenye kikonyo kimoja, na ncha hufungwa na jani dogo moja lisilo na mwenzake. Mmea mzima umevikwa vinyweleo laini vinavyoufanya uwe kama kitambaa cha mahameli unapoguswa. Maua ni makubwa kiasi, meupe au ya zambarau, na maganda ni mapana yenye manyoya ya rangi ya kahawia, ambayo yakikauka hupasuka kwa kujisokota na kurusha mbegu mbali na mama.

Kwa mbali mtu huweza kuudhania kuwa mbaazi iliyojiotea. Wengine huuchanganya na mnyaa kwa sababu mnyaa nao hutumika kulevya samaki, lakini mimea hiyo miwili haina undugu wowote: mnyaa hauna majani ya kuonekana, hutoa utomvu mweupe unaochoma macho, na sumu yake hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Maelezo yanayofuata yanahusu utupa peke yake.

Anayeutafuta porini asiingie katikati ya msitu mnene. Utupa hupenda jua, na hivyo huota kwenye mashamba yaliyoachwa, kando ya barabara, pembezoni mwa msitu, na mahali ambapo jembe au moto umeiacha ardhi wazi. Kazi yake katika mazingira ni ya mtangulizi: huwahi kufika, hukua haraka, hufunika udongo, hudondosha majani mengi, na baada ya miaka michache hufa na kuiachia nafasi miti inayokua polepole. Kazi hiyo ina thamani kubwa katika nchi kama Uwanda wa Makonde, ambako sehemu kubwa ya udongo ni kichanga chepesi kisichoshika rutuba, na ambako mvua za kwanza, zinazoanza Novemba au Desemba, huikuta ardhi ikiwa tupu baada ya kiangazi kirefu. Ardhi ikifunikwa mapema, mvua hizo huingia chini. Ikibaki wazi, huondoka na udongo.

Maua yake, kama yalivyo maua mengi ya mikunde, yamefungwa kwa namna inayohitaji nyuki mwenye nguvu ya kusukuma petali za chini ndipo afikie utamu ulio ndani. Nyuki wakubwa huyamudu, na wakati wakitafuta chakula chao hubeba chavua kutoka kichaka hadi kichaka. Kwa hiyo mmea ule ule ambao majani yake huua wadudu hulisha wadudu kwa maua yake, na hapa pana sababu ya kwanza ya kutokuridhika na jibu la haraka kwamba utupa ni mzuri au ni mbaya.

Rutuba inatoka wapi

Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, kirutubisho ambacho mahindi, ufuta na mihogo huhitaji ili kutengeneza protini na kuwa na majani ya kijani kibichi. Hata hivyo hakuna mmea unaoweza kuivuta naitrojeni hiyo moja kwa moja, kwa sababu atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kubwa mno. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto kali na shinikizo kubwa, na hiyo ndiyo moja ya sababu za urea kuwa ghali. Udongoni kuna bakteria wanaoitwa raizobia, ambao hufanya kazi hiyo hiyo katika joto la kawaida la ardhi, ila hawawezi kuifanya bila kulishwa. Mkunde huwapokea ndani ya mizizi yake, huwajengea vifundo vya kukaa, na kuwapa sukari iliyotengenezwa na majani. Bakteria nao huulipa mmea kwa naitrojeni iliyo tayari kutumika.

Mkulima anaweza kuuona ushirika huo kwa macho yake. Achimbue mzizi wa utupa wakati wa mvua, atafute vifundo vidogo, kisha akipasue kimoja kwa kucha au wembe. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wako kazini. Rangi hiyo hutokana na protini ya jamii moja na ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu, ambayo kazi yake humo ni kuidhibiti oksijeni isiharibu kimeng'enya cha bakteria. Kifundo chenye rangi ya kijani au kijivu ndani kimechoka au hakikufanikiwa. Ningependa kila shule ya sekondari yenye shamba ilifanye jaribio hili dogo, kwa kuwa halihitaji maabara na linaeleza jambo ambalo kitabuni hubaki maneno matupu.

Hapa ndipo imani moja iliyoenea inapohitaji kurekebishwa. Watu husema kwamba mkunde ukiota karibu na mahindi huyamwagia mbolea papo hapo. Kiasi kikubwa cha naitrojeni iliyokusanywa hubaki ndani ya mmea wenyewe, kwenye majani, mbegu na mizizi, na huwafikia wengine majani yanapodondoka na kuoza, au mmea mzima unapokatwa na kufukiwa. Ndiyo maana watafiti wa kilimo mseto waliofanya kazi na wakulima wa mashariki mwa Zambia, wakiwemo wale wa ICRAF, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo hicho, walihimiza utaratibu wa kulipumzisha shamba kwa miaka miwili au mitatu likiwa na utupa au sesbania, ambayo ni mkunde mwingine, kisha kuvikata vichaka na kuyachanganya majani na udongo kabla ya kupanda. Mahindi yaliyofuata yalizaa vizuri kuliko yale yaliyopandwa mfululizo bila mbolea. Faida ilikuwepo, ila ilidai muda na ilidai jembe.

Ilidai pia kiberiti kikae mfukoni. Katika maeneo mengi ya Lindi, shamba jipya la ufuta hufunguliwa kwa kufyeka na kuchoma, na vichaka vya utupa vilivyoota kwenye ardhi iliyopumzika huungua pamoja na vingine. Naitrojeni iliyomo kwenye majani haibaki kwenye majivu kama wengi wanavyoamini. Sehemu kubwa yake hupaa na moshi. Majivu huacha potasiamu, kalsiamu na fosforasi, ambazo zina faida na ndizo huyafanya mazao ya mwaka wa kwanza yapendeze, lakini kile ambacho raizobia walikikusanya kwa miaka miwili hurudi hewani kwa mchana mmoja.

Imani nyingine ni kwamba kila mmea wa jamii ya mikunde hurutubisha kwa njia hii. Kusini kuna ushahidi wa kutosha wa kuipinga, kwa sababu misitu yetu yenyewe imejaa mikunde mikubwa. Mpingo wa Kilwa, ambao ndio gogo la wachongaji wa Kimakonde, ni mkunde, na mninga ni mkunde. Hiyo miwili hutengeneza vifundo. Mkongo nao ni mkunde, na hata miti inayoupa msitu wa miombo jina lake ni ya ukoo huo huo, lakini hiyo kwa kawaida haina vifundo. Yenyewe hushirikiana na kuvu wanaoizunguka mizizi na kuisaidia kupata virutubisho kutoka kwenye udongo hafifu, na baadhi ya uyoga tunaouokota miomboni mvua zinapoanza huzaliwa na ushirika huo. Ukoo peke yake, basi, hautoshi kumwambia mkulima kinachotendeka ardhini. Inampasa atazame mizizi.

Kuna jambo la kuongezea kwa wenye mikorosho. Salfa inayopulizwa kila mwaka kuzuia ubwiriunga huanguka pia ardhini, na huko huongeza tindikali kwenye udongo ambao tangu awali haukuwa na uwezo mkubwa wa kuihimili. Raizobia wengi hudhoofika udongo unapokuwa na tindikali kali. Utupa uliopandwa chini ya mikorosho ya miaka mingi unaweza kukua bila vifundo vya maana, na mwenye shamba akakata tamaa na mmea kumbe tatizo ni udongo.

Sumu na namna inavyoua

Mmea usioweza kukimbia hujilinda kwa silaha nyingine, na silaha ya utupa ni kundi la kemikali zinazoitwa rotenoidi, ambazo hujaa zaidi katika majani. Zilizo muhimu ni deguelini, tefrosini na rotenoni. Rotenoni ndiyo iliyochunguzwa zaidi duniani, kwa kuwa hupatikana pia katika mimea mingine ya mikunde ambayo watu wa Asia na Amerika ya Kusini waliitumia kuvulia tangu kale; jina lake alilitoa mwanakemia Mjapani Nagai Nagayoshi mwaka 1902. Wazee wetu na wazee wa Amazon waligundua, kila upande kwa njia yake, kwamba mikunde fulani huua samaki, na maabara zilikuja baadaye kueleza sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Karibu kila chembe hai ya mwili wa mnyama ina vijumba vidogo vinavyoitwa mitokondria, ambavyo huchukua nguvu iliyomo kwenye chakula na kuifikisha kwa oksijeni kupitia mlolongo wa vituo, na katika safari hiyo ndipo mwili hupata nishati ya kuishi. Rotenoni hukifunga kituo cha kwanza cha mlolongo huo. Fikiria korosho zimejaa ghalani Newala na meli imetia nanga bandarini Mtwara ikizisubiri, halafu barabara ikakatika hatua chache tu baada ya ghala: mali ipo, meli ipo, na hakuna biashara inayofanyika. Ndivyo anavyokufa samaki aliyepata utupa. Maji yanayomzunguka yanaweza kuwa na oksijeni tele, na damu yake ikawa nayo, lakini chembe za mwili wake haziwezi kuitumia. Hukosa nguvu, hupanda juu akitweta, kisha hugeuka tumbo.

Swali linalofuata huwa: kwa nini samaki hufa kwa kiasi kidogo mno, wakati ng'ombe aliyekunywa maji hayo hayo huondoka salama? Jibu liko kwenye matamvua. Samaki hupitisha maji bila kukoma juu ya ngozi nyembamba iliyojaa mishipa ya damu, na sumu iliyomo majini huingia mwilini moja kwa moja. Mnyama wa nchi kavu aliyeimeza huipitisha tumboni, ambako hufyonzwa kwa shida, kisha kwenye ini, ambalo huivunja kabla haijafika mbali. Kwa samaki wengi, kiasi kilicho chini sana ya miligramu moja ya rotenoni katika lita moja ya maji kinatosha kuua. Wasimamizi wa uvuvi wa Marekani wameutumia udhaifu huo tangu miaka ya 1930 kuondoa samaki wasiotakiwa katika maziwa madogo, chini ya usimamizi na kwa vipimo maalumu.

Kwa hiyo si kweli kwamba samaki hulewa tu, na kwamba wasiookotwa huzinduka baadaye wakaendelea na maisha. Aliyepata kiasi kidogo na kukimbilia maji safi anaweza kupona. Katika bwawa la kiangazi hakuna pa kukimbilia. Maji yanapopungua kati ya Agosti na Oktoba, samaki wa urefu mzima wa kijito hukusanyika katika vidimbwi vichache, wakubwa kwa wadogo, na hao ndio mbegu ya msimu unaofuata. Nyavu yenye matundu makubwa huwaacha wadogo wapite. Utupa hauna matundu. Huua kambale na vitoto vyake, huua wadudu wa majini ambao ni chakula cha samaki, na walio wengi kati ya waliokufa huwa wadogo mno kuokotwa, hivyo huozea pale pale. Katika nyanda za pwani ya Afrika Mashariki wapo samaki wadogo wa msimu ambao mayai yao hukaa kwenye tope lililokauka hadi mvua irudi, lakini samaki wengi hawana kinga ya namna hiyo: kizazi chao huokoka bwawani au hakiokoki popote.

Hali ni hiyo hiyo kwenye vidimbwi vya miamba maji ya bahari yanapokupwa. Sumu inayomwagwa humo huwafuata samaki hadi ndani ya matundu ya matumbawe wanamojificha, na wanaojificha humo kwa wingi ni wachanga. Anayeishi karibu na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, anajua kwamba mabomu ya baruti yamepigwa vita kwa miaka mingi. Utupa hufanya uharibifu kimyakimya na ndiyo sababu husemwa kidogo. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa kutumia sumu, nami sioni namna ambayo sumu ingeacha kuwa sumu kwa sababu imetoka kwenye jani.

Kuhusu kula samaki wa aina hiyo, ni kweli kwamba vizazi vingi viliwala, na maelezo ya tumbo na ini niliyoyatoa hapo juu yanaonyesha ni kwa nini hawakuanguka. Hata hivyo anayenunua samaki leo hana njia ya kujua kama kilichomwagwa bwawani kilikuwa utupa au kiuatilifu cha dukani, na baadhi ya viuatilifu hivyo vinaweza kumuua mlaji.

Utupa kama dawa ya wadudu

Wadudu nao wana mitokondria, na mdudu anayetafuna jani lililonyunyiziwa utupa hupata madhara yale yale ya samaki. Hili limepimwa mashambani hapa hapa Tanzania. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2015 ulijaribu maji ya mimea kadhaa ya pembezoni mwa mashamba, utupa ukiwa mmojawapo, dhidi ya wadudu wa maharage, na ukaona kwamba yalipunguza wadudu waharibifu huku yakiwaacha buibui na wadudu wengine marafiki wa mkulima kwa wingi zaidi kuliko kiuadudu cha kiwandani. Sababu mojawapo ni kwamba rotenoidi hazidumu: jua la mchana huzivunja, na baada ya siku chache nguvu huwa imekwisha. Sifa hiyo ni faida kwa mazingira na ni kero kwa mkulima, kwa maana humlazimu kurudia. Ndiyo pia sababu ya kushauriwa kunyunyiza jioni.

Jambo linalojulikana na wachache, na ambalo naliona kuwa muhimu kuliko mengine yote katika sehemu hii, ni kwamba si kila utupa una sumu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kutoka Malawi ulionyesha kwamba kuna vichaka vya utupa visivyo na rotenoidi kabisa. Badala yake vina kemikali nyingine ambazo haziwadhuru wadudu. Katika sampuli zilizokusanywa huko, hadi robo zilikuwa za aina hiyo isiyofaa. Mwaka 2019 uchunguzi mwingine ulijumuisha Tanzania, Kenya na Malawi, ukathibitisha aina hizo mbili na kuongeza ya tatu inayobeba kemikali za pande zote mbili. Mkulima hana njia ya kukijua kilichomo kwa kutazama tu kichaka, na wataalamu hao walionya dhidi ya kuusambaza mmea kama dawa kabla ya kuuhakiki.

Sasa zile hoja zisizokwisha kati ya majirani, mmoja akiapa kwamba utupa umemwokolea mbaazi na mwingine akiapa kwamba ni uongo, zinaeleweka: inawezekana kila mmoja anasema kweli juu ya kichaka chake. Njia rahisi ya kuhakiki ni kuchukua mitungi miwili midogo, kuweka kiasi sawa cha kunde na idadi sawa ya fukusi hai katika kila mmoja, kuchanganya unga wa majani makavu ya utupa katika mmoja tu, kufunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na kulinganisha baada ya siku kadhaa. Kunde za jaribio hilo zitupwe, zisiliwe.

Lingine ni maji yenyewe. Rotenoidi haziyeyuki vizuri katika maji matupu, na majani yaliyolowekwa kwa maji pekee huacha sehemu kubwa ya dawa kwenye makapi. Kuongeza sabuni kidogo katika maji ya kulowekea huitoa dawa kwa wingi zaidi na huifanya ishike kwenye majani ya zao. Ujumbe mwingi unaosambaa kwenye simu huiacha hatua hii.

Je, ina madhara kwa binadamu

Ndiyo, na kauli ya kwamba dawa ya asili haina madhara ndiyo inayonisukuma kuandika. Shirika la Afya Duniani huiweka rotenoni katika kundi la viuatilifu vyenye hatari ya wastani. Ikimezwa hukera tumbo na kutapisha. Unga wake ukivutwa puani huingia mwilini kwa wepesi kuliko kwa kula. Mwaka 2000 wanasayansi waliripoti kwamba panya waliopewa rotenoni mfululizo kwa njia ya damu walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson, yaani mtetemeko na ugumu wa viungo. Mwaka 2011 utafiti kwa wafanyakazi wa mashambani wa Marekani ulikuta kwamba waliowahi kutumia rotenoni walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili na nusu wa kuwa na ugonjwa huo wakilinganishwa na wasioitumia. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba rotenoni ndiyo chanzo, na majani ya kichaka hayana nguvu ya dawa iliyokolezwa kiwandani. Lakini Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2008 kutoiruhusu tena kwenye kilimo, na hapo awali ilikuwa miongoni mwa dawa walizozitegemea wakulima wa kilimo hai.

Kwa hiyo anayetwanga majani makavu afunike pua na mdomo, asitumie kinu cha chakula, na watoto wasikae karibu. Anayenyunyizia mboga asivune siku hiyo. La kuzingatiwa zaidi na wenye mashamba ya bondeni ni kwamba pampu na ndoo zisioshewe mtoni wala kwenye kisima, na makapi yasitupwe mahali ambapo mvua itayasukuma majini, kwa kuwa kiasi kisichomdhuru mtu hata kidogo kinatosha kuua kila samaki wa dimbwi.

Wapo pia wanaoupanda utupa kuzunguka mihogo wakiamini kwamba harufu yake huwafukuza fuko. Rotenoidi si kemikali zinazopaa hewani kama harufu. Humdhuru anayezila au anayezigusa. Fuko atakayetafuna mzizi wake anaweza kudhurika, lakini ukuta wa harufu haupo, na mwenye shamba asiache mitego yake kwa kutegemea kichaka.

Kwa anayetaka kuupanda kwa ajili ya udongo, aina isiyo na sumu inafaa sawa na yenye sumu, kwa sababu vifundo vya mizizi havitegemei rotenoidi. Aepuke tu kuutanguliza kwenye kitalu cha nyanya au tumbaku, maana mizizi ya utupa huweza kuhifadhi minyoo fundo, ambao huishambulia mimea hiyo baadaye. Vifundo vya minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe na havibanduki, wakati vya raizobia hubanduka kwa kidole. Anayetaka majani ya dawa achukue mbegu kwenye vichaka vilivyofaulu katika jaribio la mtungi, avipande mbali na kingo za maji, na vizazi vipya avijaribu tena kabla ya kuvitegemea, kwa kuwa nyuki hawachagui ni kichaka cha aina gani wanachokichavusha.